Wali wa Kukaanga wa Kobe, kwa Karai la Tanga

Kobe, Japani
Novemba 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, baridi tu ndiyo imeanza kukaza. Hofu ni kwenu. Mama nimeongea naye Ijumaa, kaniambia mguu unaendelea vizuri, alhamdulillah. Wewe nakuandikia kabisa, maana ule ujumbe wako wa sauti wa kulalamikia wali si wa kujibiwa juu juu.

Unasema uliona picha ya sahani yangu, ukapika, wali ukatoka bwabwa, na shemeji akauliza kama huo ni uji wa kamba. Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Lakini nimesikiliza maelezo yako mara mbili, na jibu langu ni hili: wewe ulipika pilau. Ulikaanga kitunguu, ukatia nyama na kamba wote kwa pamoja, ukamwaga wali uliotoka kuiva sasa hivi, soya sosi ukaimimina juu, halafu, dada yangu wee, ukafunika na kupalia makaa. Chakula hiki hakijui mfuniko. Kinataka moto mkali, karai wazi, na kiishe kabla hujamaliza kumwita mtoto aje mezani.

Huku wanakiita chahan, ingawa hapa Kobe wazee wengi wanasema yakimeshi. Asili yake ni China. Bandari ya Kobe ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1868, Wachina wakahamia mapema, na mtaa wao wa Nankinmachi upo mpaka leo, umejaa vijiduka vya kula umesimama. Ila Wajapani wamekwisha kukifanya chao. Ni chakula cha mchana wa Jumamosi, mama wa nyumba anapofungua friji akakuta kipande cha nyama, mayai mawili na wali wa jana. Kwa hiyo usikipikie wakwe. Si chakula cha heshima, ni chakula cha njaa ya ghafla.

Mimi nakipika nyumbani kwa sababu hotelini siwezi kukila. Nyama yao ya kawaida humo ni nguruwe aliyechomwa, mara nyingine na mafuta ya kukaangia ni ya nguruwe hayo hayo, na sosi nyingi zina pombe ya kupikia. Nyama nanunua kwenye maduka ya halali ya karibu na Msikiti wa Kobe. Msikiti wenyewe ulifunguliwa mwaka 1935, ndio wa kwanza Japani. Ukipita mitaa ile unasikia harufu ya bizari, unasahau kidogo uko wapi.

Sasa tuje kwenye wali, maana hapo ndipo kesi yako ilipo. Mchele wa huku ni mfupi, wa duara, na ukiiva unashikana. Ndiyo maana wanaweza kuula kwa vijiti. Kwa chahan hiyo ni taabu, na nusu ya ufundi wao wote ni kupambana na huko kushikana. Wewe una mchele wa Kyela ndani, unaochambuka wenyewe! Umeanza mbele yao, halafu ukaulowesha. Upike kwa maji pungufu kidogo ya siku zote, ukiiva utandaze kwenye sinia upoe, kisha uweke kwenye friji. Na kiporo chako kisilale kwenye sufuria jikoni, nakuomba. Joto la Tanga unalijua, na kuna vijidudu vya wali ambavyo kuchemsha hakuviui vyote. Vikipata usiku mzima wa joto vinaacha sumu ambayo hata ukikaanga vipi haitoki. Wali wa nazi usiutumie kabisa. Ni mtamu, lakini una mafuta yake na ulaini wake, humo ndani hautakutii.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Wali wa baridi ukiutupa kwenye karai, karai nalo linapoa, na hapo hukaangi tena, unachemsha. Wapishi wengi wa huku wanaupasha kiporo kwanza, unakuwa vuguvugu, punje zinaachana kwa vidole. Wewe utandaze juani dakika chache ukiwa unakata vitunguu, inatosha.

Kiporo chenyewe siku hizi hakuna anayekitupa. Mwaka 2025 mchele ulipanda mpaka ikawa habari ya kila siku kwenye televisheni: mfuko wa kilo 5 ulipita yeni 4,000, zaidi ya shilingi 60,000 za kwetu, karibu mara mbili ya ulivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 2024. Serikali ilifungua maghala ya akiba na watu wakapanga foleni. Ningekuwa na njia ya kutumiwa gunia kutoka Kyela ningekuwa tajiri mtaani hapa.

Vya baharini utanicheka. Mtoto wa Tanga mimi, nimekulia kusikia mnada wa samaki pale Deep Sea, leo nanunua kamba na ngisi waliogandishwa, wamechanganywa na kombe wadogo kwenye mfuko wa plastiki. Lakini hata huo mfuko una adabu yake. Hawauyeyushi kwa maji matupu, wanautia kwenye maji ya chumvi, gramu 30 kwa lita moja, kiasi cha maji ya bahari, ili utamu usitoroke. Wewe huna haja, una kamba wa asubuhi. Wamenye, pasua mgongo utoe ule uzi mweusi, kisha wasugue kwa chumvi na unga kidogo. Huku wanatumia wanga wa viazi. Unga wa muhogo utafanya kazi ile ile. Utaona maji yanatoka ya kijivu, ndiyo shombo hiyo inaondoka. Suuza, halafu wafute kwa kitambaa mpaka wakauke. Kukausha huku ndiko watu wanakokuonea uvivu, na ndiko kunakoamua kama kamba atakaangika au atachemka kwa maji yake mwenyewe.

Ngisi mchore mistari ya kukatana upande wa ndani, umkate vipande vya kuingia mdomoni. Asizidi dakika moja motoni, la sivyo mtatafuna mpaka taya ziume. Mimi kati ya kamba na ngisi namchagua ngisi, hata kama watoto wako watabisha. Pweza mwache kwa mchuzi wake wa nazi. Ingawa pweza wa huku wana kisa: mji wa jirani, Akashi, unasifika Japani nzima kwa pweza wake, lakini wengi ninaowaona dukani kibandiko kinasema wametoka Mauritania au Moroko. Mwafrika mwenzangu, kafika Kobe kabla yangu, na bei yake ni kubwa kuliko yangu.

Nyama iwe ya ng'ombe, ya kukata nyembamba sana. Huku inauzwa imeshakatwa, unaweza kuona mwanga upande wa pili. Wewe iweke kwenye friza mpaka ianze kugangamaa, hapo kisu kitapita vizuri. Kwa watu wawili chukua gramu 100 za nyama, gramu 100 za kamba, na ngisi kiasi hicho hicho, mayai mawili na wali gramu 400 hivi. Wakija wengi, pika awamu mbili. Ukijaza karai, umerudi kwenye uji wa kamba.

Na karai ninalosema ni lile lile lako la maandazi. Hapa watu wanatafuta vikaango vya chuma vya Kichina kwa hela nyingi, wakati wewe unalo limening'inia ukutani, na chini yake una mkaa ambao ukikolea unashinda hili jiko langu la umeme lisilo na hata ulimi wa moto. Liache lipate moto mpaka lianze kutoa moshi mwembamba, tia mafuta, zungusha. Anza na nyama, kisha kamba na ngisi, chumvi kidogo; wakibadilika rangi tu, watoe wote weka pembeni. Ongeza mafuta vijiko viwili vya chakula. Mimina mayai uliyoyapiga, na hapa usizubae: yakiwa bado nusu maji, wali unaingia juu yake. Yai linazivika punje, na punje iliyovikwa haigandamani na mwenzake. Ponda mabonge kwa mgongo wa upawa, geuza, tandaza, geuza. Kile kinachorushwa hewani kwenye video ni maonyesho; wali unakaangika ukigusa chuma.

Ukisikia unaanza kulia kwa sauti kavu, rudisha nyama na vya baharini, tia vitunguu majani vilivyokatwa, pilipili manga, chumvi. Soya sosi ndiyo ya mwisho, kijiko kimoja cha chakula, na usiimwage juu ya wali. Ipitishe ukingoni mwa karai, iungue kidogo ikiwa inateremka. Ile harufu inayotoka hapo ndiyo chahan yenyewe. Matone mawili matatu ya mafuta ya ufuta, epua. Soma kibandiko cha chupa ya soya sosi kabla ya kununua, maana nyingine huongezwa pombe. Zenye alama ya halali zipo. Huku wanaweka pembeni tangawizi nyekundu ya siki. Mimi naweka kachumbari na ndimu, na hakuna Mjapani aliyekula kwangu akalalamika.

Wali ukibaki na una tambi, kuna jambo lingine la Kobe, la mtaa wa Nagata wenye viwanda vya viatu: sobameshi. Wanasimulia kuwa wafanyakazi walikuwa wanapeleka wali wao wa baridi kwa mama ntilie wa huko, auchanganye na tambi kwenye bamba la chuma, akikatakata kwa vijiko bapa. Watoto wako watakipenda kuliko hiki. Lakini kwanza tumalize hiki.

Pika Jumapili, shemeji akiwepo, kwa sababu yeye ndiye anayedai fidia. Nipigie video ukiwa unaanza kuwasha mkaa, nikuangalie. Ila huku tuko mbele kwa saa sita, usinipigie tena saa tatu usiku, kwangu inakuwa saa tisa usiku na kesho yake nina kipindi. Saa saba mchana wako ni sawa. Wasalimie watoto, na mwambie Mama ile dawa ya kuchua nimeshaituma.

Ni mimi mdogo wako.