Kabla ya kumlaumu mtu wa makamo, mpimeni macho

Mhariri,

Nimekuwa msimamizi wa karakana ya ushonaji kwa miaka 11. Naandika kwa sababu ya kosa nililomfanyia mwenzangu, na kwa sababu naamini kosa hilo linarudiwa kila siku na wasimamizi wengine ambao, kama mimi, hawana nia mbaya kwa mtu.

Mwenzangu huyo alikuwa na miaka 46 wakati huo. Matundu ya vifungo na pindo za mikono tulimwachia yeye, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na mshono wake umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Kisha mambo yakaanza kubadilika, kidogo kidogo. Mshono ukawa unakwenda kombo, hasa kwenye kitambaa cheusi. Uzi ukikatika, alimpelekea sindano kijana wa cherehani ya jirani amtungie. Ikifika jioni alikuwa anasugua macho na kusema kichwa kinamgonga. Nikamuuliza, "Mama, kulikoni siku hizi?" Akanijibu, "Uchovu tu, dada." Nikaandika kwenye taarifa yangu kwamba amelegea na hayuko makini. Mwezi uliofuata akahamishiwa kwenye kukunja na kufungasha, kazi yenye malipo ya chini. Hakubisha. Leo nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa ameshaamini kwamba amelegea.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu yangu. Nilikuwa na miaka 44. Usiku mmoja mwanangu mdogo alipandwa na homa, nikachukua chupa ya dawa ya maji pamoja na kile kikaratasi kinachokuja nayo. Maandishi yalikuwa kama sisimizi waliomwagiwa maji. Nikanyoosha mkono mpaka ukaisha, nikasogea chini ya taa, nikafinya macho. Penye uzito wa mtoto wangu niliona 2 na 5. Sikujua kama ni mililita 25 au 2.5. Tofauti ya namba hizo ni nukta moja, na kwangu mimi nukta hiyo haikuwepo. Nikamwamsha binti yangu wa miaka 12. Akakishika kikaratasi karibu kabisa na uso, usingizi bado umemjaa, akasoma: "Mbili nukta tano, mama."

Sikulala. Siku ya pili nilikwenda kupima macho. Mpimaji alinipa kadi ya maandishi niishike, akaniwekea lenzi yenye nguvu ya +1.50, na herufi zikatulia palepale. Akaniuliza kama naona vizuri, nikashindwa kumjibu, kwa sababu aliyenijia mbele ya macho ni mwenzangu, akivuka karakana na sindano mkononi kwenda kutungiwa uzi.

Nilichoelezwa siku ile ningependa kila msimamizi akijue. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Utotoni ni laini. Ukitazama kitu cha karibu, misuli midogo iliyoizunguka hukaza, lenzi ikatuna, na kitu kikaonekana wazi. Ndiyo maana mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma kitabu alichokisogeza sentimita 10 tu kutoka machoni. Lakini lenzi hiyo hukakamaa mwaka hadi mwaka, tangu ujanani, bila sisi kujua, kwa kuwa kuna akiba ya kutosha. Akiba hiyo huisha mtu akiwa na miaka 40 na ushei. Misuli hukaza kama kawaida, lenzi haitutumki tena. Kitaalamu huitwa presbiopia. Si ugonjwa wa kuambukiza, hautokani na kusoma sana wala na kushona usiku, na kila mtu akijaliwa umri utamfikia. Kinachotofautiana ni wakati: mwenye shida ya kuona karibu tangu zamani huanza mapema zaidi, na yule asiyeona mbali mara nyingi husoma vizuri kwa kuvua tu miwani yake.

Nilielewa pia kwa nini jioni ndiyo iliyomshinda mwenzangu. Mwanga ukipungua, mboni hutanuka, na ukungu wa maandishi huongezeka. Kwenye mwanga mkali mboni hujibana na kitu cha karibu huonekana nafuu. Kwa hiyo asubuhi, karibu na dirisha, alishona vizuri, na mimi nikasema: mbona asubuhi anaweza? Niliichukua nafuu hiyo kuwa ushahidi wa uvivu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Watu wengi huchelewa kwa sababu ya hofu moja ambayo nimeisikia mno: kwamba ukianza miwani, macho yatazoea na kuharibika. Si kweli. Lenzi ya jicho itaendelea kukakamaa uvae miwani au usivae, hadi kwenye miaka ya 60 ambapo uwezo wake wa kutuna unakuwa umekwisha. Ukihitaji namba kubwa baada ya miaka michache, ni umri uliosogea. Kujinyima miwani hakuokoi chochote, unabaki na maumivu ya kichwa tu. Na wapo wanaoona haya kwa kuwa miwani ya kusomea inatangaza umri. Kwao nasema kwa upole kwamba mkono ulionyooshwa na simu iliyoshikwa mbali vimeshatangaza.

Dawa hii haikuanza jana. Mwaka 1306 mtawa mmoja aliyehubiri huko Florence, Italia, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba haijatimia miaka 20 tangu ufundi wa kutengeneza miwani uvumbuliwe. Vioo vile vya kwanza vilikuwa vya watu wa makamo walioshindwa kusoma. Zaidi ya miaka 700 imepita, lakini taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 826 wenye shida hii ambao hawajapata msaada. Nikiisoma namba hiyo nawaza ni wangapi kati yao wameandikiwa "hayuko makini".

Waajiri wanaodhani haya ni mambo ya huruma watazame mizani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachuma chai 751 wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani mwanzoni, jingine likasubiri hadi utafiti uishe. Wenye miwani walichuma zaidi ya wenzao kwa takriban asilimia 22, na kwa waliovuka miaka 50 tofauti ilikaribia asilimia 32. Wachumaji hao hawakuwa wanasoma kitabu. Walikuwa wanachagua jani changa na kuacha lililokomaa, kazi ya macho na vidole kama yetu. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine wa Bangladesh, wa watu wa miaka 35 hadi 65, wakiwemo mafundi cherehani. Baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa miwani kilikuwa kimepanda kwa thuluthi moja hivi kuliko cha wasiopewa.

Neno moja la tahadhari, maana sitaki mtu akimbilie miwani iliyokwisha kutengenezwa akadhani amemaliza. Ile huwafaa wengi, lakini ina nguvu sawa pande zote mbili, na macho ya mtu hayalingani kila mara. Tena upimaji huona yasiyoonekana kwa mwenye jicho. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, mara nyingi hula uoni wa pembeni taratibu bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kisukari nacho huacha alama zake ndani ya jicho mapema. Na ukungu huu wa umri, yaani presbiopia, huja polepole, macho yote mawili. Anayeona ghafla miale, vidoa vingi vyeusi, kama pazia linashuka, au jicho moja limefifia, hilo ni jambo jingine na ni la kuwahiwa siku hiyohiyo.

Nilimwendea mwenzangu nikamwomba radhi, kisha tukaenda pamoja kupima. Alipewa +2.00. Aliporudi alikaa kwenye cherehani yake ya zamani, akachukua sindano, akalamba ncha ya uzi, na uzi ukapita tunduni mara ya kwanza. Hakusema kitu. Aliishika ile sindano muda mrefu akiitazama. Sasa ana mwaka mzima kwenye matundu ya vifungo, na vijana wanampelekea kazi zao azikague. Malipo ya miaka ile miwili hayakurudi, na sina uwezo wa kuyarudisha.

Kwetu tumeweka utaratibu: kila aliyetimiza miaka 40 anapimwa uoni wa karibu mara moja kwa mwaka, na hakuna taarifa ya uzembe inayoandikwa dhidi ya mtu wa umri huo kabla hajapimwa. Nawaomba waajiri wengine wafanye hivyo, si kwa mafundi cherehani tu bali kwa makarani, wauguzi wanaosoma vipimo vya dawa, mafundi saa, walimu wanaosahihisha madaftari. Nawaomba pia wanaochapisha vikaratasi vya dawa waipe nafasi ya kutosha ile sehemu ya kipimo. Anayempa mtoto dawa usiku mara nyingi ni bibi au babu.

Na kwako, mhariri, nina ombi dogo. Mara moja kwa mwezi chapisheni kwenye ukurasa huu wa barua mstari mmoja wa maandishi madogo, yale ya ukubwa wa pointi 6 ambayo wapimaji hutumia. Juu yake, kwa herufi kubwa, mwelezeni msomaji alishike gazeti sentimita 40 kutoka machoni, yaani pungufu kidogo ya dhiraa moja, penye mwanga mzuri, asome bila kusogeza mkono. Chini yake andikeni kwamba akishindwa aende akapimwe, na amwonyeshe mwenzake wa kazini mstari huo.

Wako,
Msimamizi wa karakana ya ushonaji