Kwa walimu wetu mnaokwenda kufundisha Kiingereza Oman

Wanangu,

Najua mnaondoka na salamu za Kiarabu mdomoni, na mnaona darasa la Maskati halitawashinda. Nawasihi, mwanafunzi akikosea, kwanza tafuteni kosa limetoka wapi.

Tazameni maneno yetu wenyewe: kitabu, katibu, maktaba. Yote yamebeba k-t-b. Msomaji wa Kiarabu hushika konsonanti kwanza, maana irabu fupi kwa kawaida haziandikwi. Ndiyo maana akiona "biscuit" anaweza kusoma "basket", na mwalimu asiyejua akamwita mzembe. Kila siku mpeni jozi tano za maneno yanayotofautiana kwa irabu tu, kama "bag" na "big", apake irabu rangi kabla ya kusoma. Jozi kumi zitamchosha bure.

Kiarabu fasaha hakina p, kwa hiyo "park" hugeuka "bark". Mkimwambia arudie mara ishirini atarudia b ileile, kwa kuwa sikio lake halijaitenga. Kateni ukanda wa karatasi nyepesi, aushike mbele ya midomo, umbali wa vidole viwili. P huurusha, b huutikisa kidogo tu. Zoezi hili lifanywe wawili wawili, kamwe si mmoja mbele ya darasa zima.

Hapo ndipo walimu wengi huponzeka. Kijana aliyechekwa mbele ya wenzake anaweza kufunga mdomo muhula mzima. Aandike jibu, amwambie jirani yake kwa dakika mbili, ndipo mumwite.

Angalieni sana lile somo la "familia yangu" lililo katika vitabu vingi vya wanaoanza. Katika nyumba nyingi za Ghuba jina la mama au dada halitajwi ovyo mbele ya wageni, na kumtaka mvulana alitamke darasani ni kumtahayarisha. Choreni ubaoni familia ya kubuni. Sarufi ni ileile. Nanyi walimu wanaume, msimnyooshee mwanafunzi wa kike mkono. Ngojeni aanze yeye.

Wiki ya kazi huko ni Jumapili hadi Alhamisi. Ramadhani, mitihani iwekeni asubuhi, wala msile wala kunywa mbele yao, hata maji.

Na mwanafunzi akijibu "inshallah" mkimdai insha, msinune. Mwulizeni kwa upole: siku gani, saa ngapi? Kisha andikeni mbele yake.

Mzee wenu