Mpwa wangu, si lazima ule

Mpwa wangu wa Wete,

Mama yako kanambia umeisusa sataranji tangu ile Sikukuu niliyokufunga mara tano. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenzio wa barazani nao wana ugonjwa huohuo.

Ugonjwa wenyewe ni kula. Sikulaumu. Umekulia kwenye bao, na kwenye bao ukiwa na pa kula huna hiari. Drafti vilevile. Mkono umeshazoea: ukiona kete imekaa uchi, unaivamia. Sataranji haina sharti hilo. Unaukumbuka mchezo wa tatu? Nilikuachia askari wa pembeni, malkia wako akaja mbio kumla. Nikasogeza farasi, njia ya kurudi ikaziba. Malkia wa pointi tisa kwa askari wa pointi moja! Biashara gani hiyo, mtoto wa wachuma karafuu?

Kabla hujanyoosha mkono, jiulize: mjomba kasogeza hii kwa nini? Kisha hesabu. Kete unayoitaka inalindwa na ngapi, na wewe unaishambulia kwa ngapi? Hesabu hiyo unaiweza. Mtu anayetazama mashimo 32 akajua kete yake ya mwisho itaangukia wapi, atashindwa na miraba 64?

Mwanzo wa mchezo usikusumbue. Askari wa kati wasonge, farasi na maaskofu watoke, mfalme ajifiche nyuma ya ngome, basi. Majina ya funguzi waachie wenye kujionesha.

Muda wako utie kwenye mwisho. Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishikilia kuwa mwanagenzi aanzie huko. Weka mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu. Ngome inakata mstari kama ukuta, mfalme wako anasogea, mwenzio anarudi nyuma hadi ukingoni. Hatua 50 zikipita hujamfunga wala hamjalana, anaweza kudai sare. Rudia mpaka uchoke.

Na hiyo michezo ya dakika tatu kwenye simu, iache. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, ni bure; chagua dakika 15. Ukifungwa, tafuta mwenyewe ulipopotea kabla ya kuiuliza kompyuta. (Najua utaiuliza kwanza.)

Nakuja msimu wa karafuu, inshallah. Tandika mkeka. Nitakuachia askari wa pembeni tena.

Mjomba wako wa Ng'ambo