Kwa mnaowalea walimu wakuu wapya

Ndugu zangu maafisa elimu kata, na walimu wakuu wenzangu wa siku nyingi,

Salaam. Mimi nimeshastaafu, lakini masikio yangu bado yako shuleni. Nasikia mmekabidhiwa walimu wakuu wapya wa shule za msingi muwashike mkono. Naomba niseme machache kabla hamjawaharibu kwa nia njema.

Mnajua tunavyowapata. Mwalimu anafundisha hisabati darasa la saba, watoto wanafaulu, taaluma anaisimamia vizuri, barua ya uteuzi inakuja. Akibahatika atapelekwa ADEM, ule wakala wa serikali wa kufundisha uongozi wa elimu kule Bagamoyo, kwa mafunzo. Asipobahatika anaanza na taarifa ya makabidhiano na funguo za stoo. Jumatatu yake ya kwanza utamkuta wapi? Darasa la saba, chaki mkononi. Mwenyekiti wa kamati ya shule amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, taarifa ya ruzuku iko mezani inangoja sahihi, mwalimu wa zamu hajui amuulize nani. Wala si uvivu. Amekimbilia pale anapojiamini, ambapo hakuna wa kumbishia.

Mtoeni huko bila kumnyang'anya chaki. Vipindi vichache abaki navyo, maana mkuu asiyefundisha husahau darasa lilivyo. Ila taaluma ampe mwingine, na akishampa aache kumchungulia ratiba. Hilo la kuacha kuchungulia ndilo gumu, na ndilo la kumfuatilia kila mnapokutana.

Linaloumiza zaidi ni wenzake. Juzi walikuwa wanachanga pamoja hela ya chai na kumsema mkuu aliyeondoka. Leo yeye ndiye anayepiga mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio. Atajaribu kubaki yuleyule, au atageuka askari ghafla. Msimchagulie. Muulizeni: mstari utaupiga saa ngapi, na rafiki yako akifika baada ya hapo utamwambia nini? Aseme kwa mdomo wake mbele yenu, maneno yenyewe atakayotumia. Siku ikifika hatababaika.

Sisi wakongwe, tukubali, tuna ugonjwa wa majibu. Kijana anapiga simu usiku, mzazi amekuja juu kwa sababu ya mchango wa chakula, na kabla hajamaliza tumeshampa la kufanya. Analifanya, linafaa, kesho anapiga tena. Tangu elimu bila ada ianze 2016, suala la michango limekuwa kaa la moto, na wazazi wa shule yake si wale wa shule yako. Muulize yeye ameamua nini na kamati imesemaje, kisha nyamaza mpaka ajibu. Najua kimya hicho kitakuwasha. Vumilia.

Na kwenye kikao chake cha kwanza na wazazi, afisa elimu kata, tafadhali usikae meza kuu. Kaa nyuma na wazazi wengine. Wakikuona mbele, kila swali litamruka yeye lije kwako, na utalijibu, nakufahamu.

Yapo mawili yasiyongoja maswali: mtoto aliyedhuriwa, na fedha iliyotoka kwenye akaunti ya shule bila kamati kujua. Hapo msimuulize anaonaje. Nendeni siku hiyohiyo.

Mzee wenu, mwalimu mkuu mstaafu