Barua ya wazi: Tuwekee kibao cha kwenda kwa Pinto

Kwa Mheshimiwa unayeshughulikia bustani za umma, Nairobi.

Salaam nyingi.

Nina ami yangu, mtu wa Lamu, mtaa wa Langoni. Kila baada ya miezi mitatu hupanda basi kuja huku kwa kliniki ya macho, na hospitali anayotibiwa haiko mbali na City Park. Safari hii daktari alitumaliza mapema. Nikamuuliza twende tukale wapi. Akanijibu kula kutakuja, kwanza nimpeleke kwa yule Mgoa aliyefungwa Takwa.

Naona haya kuliandika hili hadharani. Nimekaa Nairobi miaka 19. City Park nimeshapiga picha za harusi za watu wasiopungua wanane, nimeshalala kwenye nyasi Jumapili nzima, lakini sikujua kwamba Pio Gama Pinto, mpigania uhuru mwenye asili ya Goa huko India, amezikwa pale pale. Ami, aliye mwendo wa siku nzima kwa basi, ndiye aliyejua.

Kwetu Lamu jina la Takwa ni la magofu, mji wa kale wa Waswahili uliohamwa karne nyingi zilizopita, upande wa pili wa kisiwa cha Manda. Mashua hazifiki mpaka maji yajae, kwa kuwa mkondo unapita katikati ya mikoko. Huko ndiko serikali ya kikoloni iliweka kambi ya kuwazuilia watu wakati wa hali ya hatari. Pinto alikamatwa mwaka 1954, miezi michache tu baada ya kuoa, akapelekwa Takwa, baadaye Kabarnet, na hakuachiliwa mpaka 1959. Babu yetu alikuwa nahodha. Alikuwa akiwasimulia wanawe habari za wafungwa wa Manda, na kwamba mmoja wao ni Mgoa, jambo ambalo watu wa Lamu walilishangaa: Mgoa gani huyu anayefungwa pamoja na Waafrika?

Basi tukaingia, kwa lango la upande wa Limuru Road. Ami alikuwa na mahamri mawili kwenye bahasha ya dawa. Hatukwenda hatua ishirini, kima mmoja akashuka mtini, akamtazama usoni kwa adabu kabisa, akatia mkono ndani ya bahasha, akatoa hamri moja na kuacha dawa. (Watu wa hapa huwaita tumbili. Si tumbili hao, ni kima, na kibao kingesaidia hapo pia.) Ami alicheka mpaka akashika mti. Akasema kima wa Nairobi wana heshima kuliko paka wa Lamu, kwani paka angechukua yote mawili.

Kicheko kikaisha tulipoanza kulitafuta kaburi. Nilimuuliza muuza njugu. "Pinto? Anauza duka gani?" Alidhani tunatafuta mtu wa soko lililo hapo jirani, na simlaumu. Wasichana wawili waliokuwa wakijipiga picha hawakuwahi kulisikia jina hilo. Kijana mmoja mpiga picha akatuelekeza kwa Murumbi, kwenye masanamu, kwa sababu ndilo kaburi pekee alilolijua.

Kwa Murumbi tulifika bila taabu, na nakushukuru wewe na waliokutangulia, maana pale pametengenezwa. Joseph Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa nchi hii. Alishika cheo hicho miezi michache tu mwaka 1966, kisha akakiacha. Baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmaasai. Vitu vya sanaa alivyokusanya maishani vingine vimo katika jengo la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, hatua chache kutoka sanamu ya Tom Mboya. Alifariki mwaka 1990, na mkewe Sheila amelazwa ubavuni pake. Na kwa nini walizikwa bustanini? Kwa sababu Murumbi alitaka kulala karibu na rafiki yake Pinto.

Hapo ndipo jambo hili linaponichoma, Mheshimiwa. Mtu amewahi kuwa Makamu wa Rais, angeweza kuchagua shamba, mlima au mji wowote wa nchi hii, naye akachagua kuwa jirani ya rafiki yake. Nasi tumemjengea huyu wa pili, tukamsahau yule wa kwanza aliyekuwa sababu. Unasimama kwa Murumbi na hakuna kinachokwambia: geuka, tembea kidogo, mwenzake yuko pale.

Aliyetufikisha ni mama mmoja aliyekuwa akifagia njia. Aliweka ufagio chini, akatutangulia hadi kwenye makaburi ya zamani, akatuonyesha kwa kidole na kurudi kazini. Alikataa hata pesa ya chai.

Ami hakusema neno. Aliinama, akaanza kuokota majani makavu juu ya kaburi, moja moja, kama mtu achambuaye mchele. Ana mtoto wa jicho, kwa hiyo alikuwa akipapasa zaidi kuliko kuona. Alipomaliza akajifuta mikono kwenye kikoi, akaniuliza: "Na watoto wa skuli huletwa hapa?"

Ningemjibu nini? Nilimweleza niliyokuwa nimeyasoma kwenye simu dakika tano kabla. Kwamba Pinto alizaliwa hapa hapa Nairobi mwaka 1927. Kwamba mwaka 1960 alianzisha gazeti la chama, Sauti ya KANU. Kwamba alikuwa mbunge alipopigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, tarehe 24 Februari 1965, akiwa garini na binti yake mdogo. Alikuwa na miaka 37. Ami akasema, "Mwaka mmoja na kitu baada ya uhuru." Akahesabu tena kwa vidole, kana kwamba hesabu ingebadilika.

Sasa ombi langu. Najua una mambo mazito mezani. City Park ina takriban hekta 60, na imetangazwa kuwa turathi ya taifa tangu 2009, hata hivyo vipande vyake vimekuwa vikimegwa na watu miaka nenda miaka rudi. Kuna taa, kuna vyoo, kuna usalama. Mimi siombi lolote kati ya hayo leo. Naomba vibao vitatu: kimoja langoni, kimoja kwa Murumbi chenye mshale, na kimoja kaburini kwa Pinto. Naomba viandikwe Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa ambazo mzee mwenye mtoto wa jicho ataweza kuzisoma. Muuza njugu yule anasoma Kiswahili, yule mama wa ufagio pia, na hao ndio wanaoulizwa njia kila siku.

Nimeshaambiwa na rafiki zangu kwamba nitajibiwa hakuna bajeti. Basi mbao nitanunua mimi, fundi wa kuandika ninaye, anakaa Ngara na kazi yake ni nzuri. Ninachokosa ni ruhusa. Sitaki kuchimba shimo ndani ya turathi ya taifa usiku kama mwizi. Na kama maneno ya kuandika ndiyo tatizo, nimeyaandaa, hayazidi mistari sita, na hayamsifu mtu yeyote aliye hai.

Ami anarudi kliniki mwezi wa nne. Ameniagiza nimwekee mahamri matatu, moja la kima.

Wako,
Mpiga picha wa harusi, Pangani