Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Timu Yetu ya Netiboli ya Wanawake na Suala la Kocha

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ninawasilisha taarifa ya mwaka unaoisha. Shughuli za kawaida mnazifahamu: ligi ilichezwa, vizibao vya herufi vilishonwa upya, mipira 4 ilinunuliwa na 2 kati yake imekwisha kuchakaa, na bonanza lilifanyika kama ilivyopangwa. Tulicheza mechi 14, tukashinda 2, tukatoka sare 1 na kupoteza 11. Tulifunga magoli 352 na kufungwa 497.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, maana tangu nichaguliwe sijawahi kuuona ukumbi umejaa hivi. Katikati ya msimu wanachama 22 waliandika barua wakitaka kocha aondolewe. Niliitisha mkutano wa dharura, na badala ya wanachama 42 wanaohitajika kutimiza akidi, walifika 19. Suala likarudi kwenye kamati, kura zikagawanyika 3 kwa 3, nami nikatumia kura ya uamuzi ambayo katiba yetu inampa mwenyekiti. Kocha akabaki. Nimeambiwa kwamba niliamua peke yangu, na ninaomba wanaosema hivyo wasome kumbukumbu za kikao kile, kisha watafute humo majina yao kwenye orodha ya waliohudhuria.

Sababu zangu ni hizi. Msimu wa kabla ya huu tulipoteza mechi zote 14, bila hata sare moja. Msimu huu, katika mechi 7 za mwanzo tulizidiwa kwa jumla ya magoli 104, na katika 7 za mwisho kwa magoli 41. Mwanzoni walinzi wetu walikuwa wakimsogelea mwenye mpira karibu kuliko umbali unaotakiwa, na mara nyingi penalti zilizofuata walipewa wapinzani ndani ya duara la kufungia, ambako mfungaji wa upande wa pili hakosi. Kocha alilishughulikia hilo, kama alivyoushughulikia ugonjwa wetu wa kukaa na mpira. Mazoezini husimama pembeni na filimbi mdomoni, akikunjua kidole kimoja kwa kila sekunde, na kidole cha tatu kikinyooka mpira ukiwa bado mkononi, filimbi inalia na zoezi linaanza upya. Nayasema haya kwa kuwa nimehudhuria mazoezi 40 kati ya 46, na sisemi kwa kujisifu.

Waliosaini barua walitoa mfano wa New Zealand, ambayo mwaka 2018 ilifungwa na Malawi 57 kwa 53 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola na kurudi nyumbani bila medali, ikapata kocha mpya, Noeline Taurua, na mwaka 2019 ikatwaa Kombe la Dunia kwa kuifunga Australia 52 kwa 51. Mfano huo ni wa kweli, ila umekatwa katikati. Pamoja na kocha mpya, timu ile ilirudiwa pia na wachezaji wazoefu, Laura Langman na Casey Kopua. Sisi hatujakosa kocha. Tumekosa watu wa kumfundisha.

Katika mechi ya 9 walifika wachezaji 5. Kanuni zinaruhusu kucheza na idadi hiyo mradi mmoja wao awe senta, na senta wetu hakuwepo. Kocha alimvua mlinzi kizibao chenye herufi za nafasi yake, GD, akamvika cha senta, C, akamfunga kamba za mgongoni kwa mikono yake, na ulinzi wote ukabaki kwa mlinda goli peke yake. Senta alitokea robo ya tatu, begi likiwa bado begani, akauliza matokeo. Tulikuwa nyuma kwa magoli 18. Katika ile barua ya wanachama 22, hasara za aina hiyo zimeitwa udhaifu wa benchi la ufundi.

Kuhusu ada, kati ya wanachama 84, waliolipa kamili ni 31, nusu ni 17, na 36 hawakulipa chochote. Kati ya waliosaini barua, waliolipa kamili ni 6. Ninatambua kwamba ada na kocha ni mambo mawili tofauti, lakini kocha mpya angedai posho, na huyu tuliye naye amefanya kazi miezi 5 bila kulipwa, akikubali maombi yangu binafsi ya kuvuta subira.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia kuongeza idadi ya wachezaji, ikiwezekana kuanzisha timu ya vijana, na kutafuta mfadhili. Mkataba wa kocha utajadiliwa upya muda ukiruhusu, na safari hii ningependa akidi itimie, ili kura yangu isihitajike.

Mhazini ameketi karibu na mlango akiwa na daftari la ada na kitabu cha stakabadhi, na atakuwepo hapo hadi mwanachama wa mwisho atakapotoka.