Kwa mdogo wangu, kuhusu kikombe cha maji

Mdogo wangu,

Ujumbe wangu wa mwisho umebaki na tiki moja tangu wiki tuliyomzika Mama. Naandika hapa kwa sababu najua utapita. Huku hukosi.

Sikuja kukutukana. Yale ya usiku ule yalitosha, na neno "huna moyo" nimelifuta kabisa, lihesabu halikusemwa. Neno "mraibu" sijalifuta. Ulinijibu kwamba uraibu ni wa pombe na bangi, simu ni simu tu. Basi nikaanza kusoma, na nikiri kwamba nilisoma kwa hasira, natafuta cha kukushinda nacho.

Nikamkuta Kimberly Young, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuueleza uraibu wa intaneti miaka ya 1990, intaneti ikiwa bado ya kompyuta za mezani. Aliacha maswali 20 ya kujipima. Nilikujibia yote. Je, hukaa mtandaoni kupita muda uliokusudia? Ndiyo. Je, huwa mkali mtu akikukatiza? Ndiyo, na zaidi ya ndiyo. Nikafika kwenye lile la kukosa usingizi, nikakumbuka jinsi ulivyokuwa unanijibu saa tisa za usiku. Maana yake na mimi nilikuwa macho. Lakini mimi nilikuwa nangoja saa ya dawa za Mama, na mtu anayengoja lazima ashike kitu mkononi.

Kuna mahali ulikuwa na haki, nikuambie. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limetaja uraibu wa michezo ya video, si intaneti yote. Ila zisome dalili zake: mtu anashindwa kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote ya maisha yake, na anaendelea hata akiona madhara. Nilipofika hapo niliifunga kompyuta, nikakaa.

Maana bado nakiona kile kikombe. Kilikuwa juu ya stuli, hatua mbili kutoka ulipokaa. Mama akasema, "Maji." Ukajibu, "Nakuja, Mama." Akasema tena, ukajibu tena. Mara tatu, na kila mara kwa sauti nzuri, sauti ya mtoto anayempenda mama yake, huku kidole kinapandisha video moja baada ya nyingine. Alipoacha kuita hukugundua. Utaniuliza mbona mimi sikumpa, nami nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Nilikuwa nimebeba mashuka. Na nilitaka uinuke mwenyewe. Miezi ile yote mtu wa kuinuka alikuwa mimi.

Ndipo nikaichukua simu yako nikaipiga ukutani. Kuivunja sijutii. Ninachojuta ni kwamba Mama alishtuka, na maji alikuja kuyanywa akiwa anatetemeka.

Nilichokielewa baadaye ndicho kimenifanya niandike. Mwanasayansi mmoja, B. F. Skinner, alikuwa akiwafundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Chakula kilipotoka bila utaratibu wa kutabirika, njiwa walidonoa bila kuchoka, na hata kilipokatwa kabisa waliendelea kwa muda mrefu. Video zako ndivyo zilivyo. Tisa hazina maana, ya kumi inakuchekesha, na hujui ya kumi itakuja lini. Tena hazina mwisho. Ukurasa usioisha ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, ambaye mwenyewe amekiri hadharani kwamba anajutia. Zamani ulifika chini ya ukurasa, ukapata nafasi ya kujiuliza kama unaendelea. Nafasi hiyo uliondolewa, nami nilikuita mvivu.

Halafu kuna lile tusilolisema. Pumzi za Mama. Ulikuwa huwezi kuzisikiliza, ndiyo maana ulikuwa unavaa visikilizi hata pasipo na sauti yoyote. Nililiona hilo na nikalinyamazia. Wewe ulipata pa kujificha, mimi sikupata, na nadhani hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Sikuambii uiache intaneti, kazi yako iko humo. Zima arifa zote isipokuwa za watu wanaoweza kukuhitaji usiku. Simu ilale chumba kingine, nunua saa ya mezani ya kukuamsha, maana alamu ndiyo kisingizio chako cha kulala nayo. Kabla hujaishika, taja kilichokupeleka: upweke, woga, kuchoka. Siku za mwanzo utakuwa mkali na usingizi utakuruka. Hamu ile hupanda kisha ikashuka, hata usipoitii. Ikikushinda, kuna wataalamu wa saikolojia ambao kazi yao ni kukaa na mtu, wakatafuta naye lile wazo linalotangulia mkono kwenda mfukoni. Nenda. Gharama nitatoa mimi, kama nilivyotoa za… basi, hilo tuliache.

Mimi nimeanza. Jioni simu yangu inakaa kwenye droo ya jikoni. Juzi nilijikuta nimesimama mbele ya droo hiyo gizani, mkono uko kwenye kishikio, na sikuwa nangoja dawa ya mtu yeyote.

Kikombe ninacho mimi. Nilipogawa vitu vya Mama nilikiweka kando nikijiambia hukistahili. Njoo ukichukue. Usiniandikie kwanza, piga hodi tu.

Dada yako